Kiapo Kikubwa na Azimio Dogo

Wako wasemao kwamba mwanafunzi aliyeachwa nyuma na taabu hana budi kuapa kuwa wa kwanza darasani. Shauri hilo ni baya. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Aliyeapa kuifidia miezi tisa kwa juma moja alijitwika mzigo wa punda. Ulipomwelemea alijiona mjinga, kumbe kosa lilikuwa la kiapo. Je, hakuwa bora aliyeazimu kufanya hesabu tano kila jioni, akazitimiza? Azimio dogo hupimika, na likitimia huzaa nguvu ya kutimiza la pili. Haba na haba, kijana, hujaza kibaba; kiapo hakijazi.