Ajali Hii Ina Kinga

Kijana alikuwa ametoka uvunguni kufuata spana namba 17. Ni hilo tu lililomwacha hai. Tofali lililobeba ubavu wa Hiace lilipasuka kwa mlio mkavu, jeki ikalala, na gari likatua palepale alipokuwa amelaza kifua chake nusu dakika kabla. Vumbi likatulia. Fundi mkuu akamtazama, akasema: "Pole, dogo. Ajali haina kinga." Kisha wakalinyanyua gari upya, wakatafuta tofali jingine, na kijana akarudi uvunguni kumalizia kazi.

Nilikuwapo. Nilikuwa mteja niliyekaa kwenye benchi nikisubiri gari langu, na tangu asubuhi nilikuwa nimemuuliza fundi mara tatu atamaliza lini. Sikusema neno. Ningeweza kusimama nikasema kijana huyu harudi chini ya gari hilo. Sikusimama. Ukimya ule ndio unaoniandikisha haya leo.

Gereji yenyewe sitaitaja. Ningeitaja ungedhani ugonjwa uko pale peke yake, na unajua kuwa si kweli. Unajua kwa sababu gari lako nalo limewahi kukaa juu ya tofali. Gereji zetu nyingi, hizi tunazoziita bubu, ziko chini ya mwembe, kando ya mtaro, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Humo vijana wetu wanalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, wakiwa na karibu tani mbili za chuma juu ya nyuso zao, na ulinzi wao ni jeki moja pamoja na dua ya mama aliyewaaga alfajiri.

Nianze na msemo, maana msemo huu ndio unaowatengenezea watu jeneza. "Ajali haina kinga." Wahenga wana haki ya kuusema mbele ya radi, au mbele ya dhoruba iliyomkuta nahodha katikati ya bahari. Tofali ni jambo jingine. Tofali lilichaguliwa na mtu. Mtu aliliona, akaliinua, akaliweka, akamwambia mtoto wa mwenzake aingie. Ukiita hiyo ajali unamsingizia Mungu kazi ya mkono wako.

Kazi ya jeki ni kunyanyua. Kushika si kazi yake. Fungua jeki ya oili uone kilichomo: pistoni, oili, kivali kidogo na sili ya mpira. Uzito wote wa gari unakaa juu ya ile oili, na kinachoizuia oili isirudi ilikotoka ni ule mpira mwembamba na kile kivali. Sili ikichakaa, au chembe ya mchanga ikikwama kwenye kivali, oili hupenya ndani kwa ndani. Nje huoni hata tone. Gari linashuka, pengine taratibu mpaka fundi anashtukia chuma kimemgusa pua, pengine kwa mara moja. Na ile jeki ya kukunja iliyokuja na gari iliwekwa pale kwa kazi ya kubadilisha tairi njiani, basi. Vitabu vya magari vinasema hivyo waziwazi: usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki tu. Vingi vya kwetu vimeandikwa Kijapani na havijawahi kufunguliwa tangu gari lishuke melini.

Kuhusu tofali, muulize mwashi yeyote. Zege ni hodari wa kubeba mzigo uliotulia na kuenea sawasawa, kama ukuta unavyoukalia msingi. Mwekee ncha ya chuma katikati, juu ya ardhi isiyo sawa, na tena awe tofali lenye matundu lililolazwa ubavu, umemtega. Chuma kabla ya kuvunjika hupinda. Mbao hulia kwanza, hufinyana, hukupa nafasi ya kutoka. Tofali halitoi taarifa.

Kuna kosa jingine, na hili nimeliona likifanywa na mafundi wazoefu ninaowaheshimu. Gari linavutwa handibreki, linawekwa gia, kila mtu anaridhika. Lakini kwenye magari mengi handibreki hushika matairi ya nyuma tu. Ukinyanyua nyuma, breki hiyo imeshika matairi yaliyo hewani. Hiace nayo inasukumwa na matairi ya nyuma kupitia propela shafti. Ukishaifungua ile shafti ili utoe gia boksi, gia uliyoiweka haishiki kitu chochote. Ni kama kumfunga mbuzi kwa kamba uliyoikata mwenyewe. Gari likipata mteremko kidogo tu linajongea, jeki inainama, na mengine unayajua. Kinga yake ni kabari mbili za mbao kwenye matairi yaliyobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Kabari inachongwa kwa panga kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Hapo ndipo naambiwa habari ya umaskini. Fundi wa mtaani hana hela ya vifaa, wewe mwandishi unaongea kwa sababu umeshiba. Hoja hii naikataa kwa nguvu zangu zote, na naikataa kwa heshima ya huyo fundi. Stendi za chuma, zile zenye miguu na meno ya kupandisha, pea moja katika maduka niliyopita haifiki bei ya tairi moja jipya la Noah, na ukiitunza itakaa miaka mingi. Na kama hata hiyo haipatikani, ziko kinga zisizogharimu senti. Tairi ulilolitoa, badala ya kulisimamisha ukutani, lilaze chini ya ubavu wa gari. Jeki ikikusaliti gari litakalia tairi, wewe utabaki na nafasi ya kupumua. Mbao nene za mti mgumu, zikipangwa mbilimbili kwa kupishana, hubeba gari kwa uaminifu ambao tofali halijawahi kuwa nao. Halafu, kabla mtu hajaingia, lisukume gari kwa bega. Likitikisika, afadhali litikisike wewe ukiwa nje. Ni umaskini gani unaomzuia mtu kusukuma gari kwa bega?

Wengine wananijibu kwa uzoefu. "Mzee, miaka 20 nafanya hivi." Nasikia. Waliopasukiwa na tofali mwaka wa tatu hawapo kwenye benchi la kukujibu.

Sasa nigeuke kwako, mwenye gari, maana wewe ndiye ninayekukasirikia zaidi. Fundi anafuata pesa, na pesa iko mfukoni mwako. Wewe ndiye unayepiga simu kila baada ya robo saa. Wewe ndiye mwenye daladala unayetaka hesabu ya jioni itimie hata kama gari limeingia gereji saa nane mchana. Wewe ndiye unayemsifu fundi mwepesi, spana mkononi, anayekufuata hadi nyumbani na kulala chini ya gari kwenye mteremko wa geti lako, kisha unamkata elfu tano ya ufundi kwa sababu "kazi yenyewe ilikuwa ndogo". Umewahi kuuliza gari lako linasimama juu ya nini? Unauliza oili ni halisi au feki. Unauliza breki pedi zimetoka Japan au wapi. Unalichunguza gari likirudi kama lina mkwaruzo mpya kwenye bampa. Mkwaruzo wa bampa unakunyima usingizi. Kifua cha mtoto wa mwenzio hakikunyimi.

Nguvu unayo. Sema tu: gari langu haliingiwi chini mpaka liwe juu ya stendi, na muda utakaotumika kuziweka naulipia. Wateja kumi wakisema hivyo katika gereji moja, mwenye gereji atanunua stendi kabla ya mwisho wa mwezi. Wasiposema, hatanunua kamwe.

Serikali ya Tanzania nayo isijifiche nyuma yetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ipo, na wakala wa kuisimamia, OSHA, upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015 ili anayeumia kazini, au wanaobaki baada yake, wasiachwe mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari. Kenya nao wana sheria yao ya usalama kazini tangu 2007. Makaratasi tunayo. Lakini kijana wa gereji bubu hana mkataba, jina lake haliko kwenye daftari lolote, mchango wake haukatwi popote. Anaitwa "dogo". Akifa, mfuko haumjui. Bima ya gari iliwekwa kwa ajili ya ajali za barabarani. Si yeye aliyefikiriwa ilipotungwa.

Na nisiambiwe kwamba hawafikiki. Mwishoni mwa mwaka 2018 vilianza kugawiwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na tuliona vikimfikia hadi mama lishe wa kichochoroni. Tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari yanakaguliwa na kubandikwa stika. Tunakagua breki za gari, kisha hatuvuki barabara kwenda kutazama pale breki hizo zilipofungwa na mtu aliyezifunga alikuwa amelala chini ya nini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Vizuri sana. Basi swali la kwanza la mtihani wake liwe hili: nyanyua gari, tuone unaliweka juu ya nini. Asiyejua asipewe cheti, hata kama anaijua injini kuliko aliyeiunda.

Nimekaza kamba kwenye jeki kwa sababu kinga yake ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo tunayoidharau kuliko zote. Mengine yanafuata nyuma yake. Kifuniko cha rejeta kinachofunguliwa injini ingali moto, maji yaliyozuiwa kwa mgandamizo yakiwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, yakisubiri uso wa mtu. Petroli inayonyonywa kwa mpira na mdomo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa kwenye shimo la gereji, na humo anaingia mtu na taa ya globu isiyo na kikinga. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na aliyeinamia juu yake ana sigara.

Tairi la lori nalo lina kisa chake. Tairi la gari dogo hujazwa upepo 30 na kitu. La lori hupita 100. Kwenye rimu za vipande, zile zenye ringi, ringi isipokaa vizuri hurushwa kama panga. Wamarekani walitunga kanuni mwaka 1980 kwamba tairi la rimu ya namna hiyo lijazwe likiwa ndani ya kizuizi cha chuma, na anayejaza akae mbali na njia ya ringi. Kwetu, pita barabara kuu yoyote wanakolala malori, utamkuta fundi pancha amepiga goti juu ya rimu, kichwa kimeinama juu ya ringi, anasikiliza upepo ukiingia.

Na sasa yamekuja magari ya haibridi. Betri kubwa ya Prius ina zaidi ya volti 200, na nyaya zake zina rangi ya chungwa kwa makusudi, ili mtu azione na kurudi nyuma. Hata ukizima gari na kuchomoa plagi ya usalama, umeme unabaki kwenye kapasita; watengenezaji wanataka usubiri dakika 10 kabla ya kugusa. Nani amemwambia "dogo" habari za dakika hizo 10? Nani atamwambia, ikiwa hata la tofali hatujamwambia?

Jumamosi iliyopita nilipeleka gari kubadilishwa bushi. Nilishusha stendi zangu mbili kutoka kwenye buti, nikaziweka miguuni pa fundi, nikamwambia saa nitakayorudi ni saa atakayomaliza yeye. Hakujibu kitu. Aliziweka chini ya chesisi, akateremsha jeki polepole mpaka uzito ukakaa juu ya chuma, akasukuma kabari mbili kwenye tairi lililobaki chini, mbele na nyuma. Kisha akaliegemea gari kwa bega, kushoto, kulia. Halikutikisika. Msaidizi wake, kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinachipua, alikuwa amesimama kando na spana mbili mkononi, akiangalia. Fundi akamwitikia kwa kichwa. Kijana akatandika boksi lake, akalala chali, akaingia.