Kibuyu cha Buha si Kayamba

Imekuwa ada kwa baadhi ya wafasiri wetu, kila wakutanapo na kibuyu chenye mbegu katika nyimbo za Buha, kukiita kayamba kisha wakapita. Hilo ni kosa, wala si kosa la msamiati peke yake. Kayamba letu la pwani ni bapa, limeundwa kwa matete. Hulazwa viganjani likatunza mwendo wa ngoma. Chombo cha Kasulu na Kibondo ni kibuyu kizima, na katika kubandwa hutikiswa ili mzimu uitike.

Kubandwa ni ibada ya kale ya nchi za Maziwa Makuu. Huko Rwanda mkuu wa mizimu yake ni Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Burundi ni Kiranga. Na Waha, ambao Kiha chao ni ndugu wa damu wa Kirundi, wamo katika ukoo huo huo. Aliyebandwa haitwi tena jina alilopewa na wazazi. Huitwa jina la mzimu, naye hujibu kwa jina hilo.

Sasa kitazameni chombo chenyewe. Kibuyu nyumbani hutiwa maziwa, hutiwa pombe. Kikaukapo, nyama yake ikaisha, zikabaki mbegu, ndipo kipatapo sauti. Ni mfu asemaye, na tumboni mwake mna mbegu za mwakani! Hivyo ndivyo nisomavyo mimi. Mwenye tafsiri nyingine ailete. Lakini aliyeandika "kayamba" amefunga mlango mgeni hajapiga hodi.

Kinikeracho zaidi ni upendeleo. Kibuyu cha Wahopi wa Arizona, wanachotunukiwa watoto wa kiume na wachezaji wa katsina, na ambacho mlio wake huhusishwa na mvua, twakieleza kwa adabu, tukasema ni ishara. Cha Kasulu twakiita ushirikina. Nani katupa mizani hiyo? Wamisionari waliokataza kubandwa walikuwa na kazi yao. Mshairi ana yake, na wazee wa Heru na Muhambwe wazijuao nyimbo hizo wanazidi kupungua.

Nasi watu wa visiwani tusijitie usafi. Manyanga ya waganga wetu wa pepo ni kibuyu na mbegu vile vile, na neno hilo limo katika Kiswahili tangu zamani. Basi andikeni manyanga. Na pale Waha wenyewe walipokitaja kwa jina lao, liacheni jina lao katika ubeti, mlieleze chini ya ukurasa.