Bahati Nayo Ina Haki Yake



Mwaka juzi tulikuwa tunalipunguza gauni la harusi la kukodi, tukakuta pete ya dhahabu imenasa kwenye bitana. Mmoja wetu akacheka: "Riziki kama ajali!" Hapana. Pete ina mwenyewe, na dini yetu inataka chenye thamani kikiokotwa kitangazwe mwaka mzima. Tukatangaza, na haukwisha mwezi mwenyewe akaja.

Je, kisichokuwa na mwenyewe wa kutafutwa? Mtu anachimba msingi wa nyumba, anakutana na chungu cha sarafu za kale. Hapo utasikia: "Kanipa Mola, kodi ya nini?" Wanaosema hivyo hawajaisikiliza dini yao. Mtume (s.a.w.) ameweka khumusi katika rikazi, yaani hazina ya kale iliyofukiwa: asilimia 20, hapo hapo, bila ya kungoja mwaka.

Sasa linganisheni. Mazao ya mvua, asilimia 10. Yanayomwagiliwa kwa taabu, 5. Mali ya biashara, 2.5, tena ikifika nisabu na mwaka ukipita. Mnaona? Jasho likizidi, fungu linapungua.

Sisi tumegeuza. Fundi analipia leseni na kodi ya mlango kabla hajakata kitambaa cha kwanza, awe na mteja au hana. Aliyeangukiwa na bahati, tunaambiwa tumwache, tusimhusudu. Hii si husuda, dada zetu. Ni hesabu.

Watu wa visiwani watatuletea habari ya ambari. Kweli, Ibn Abbas (r.a.) aliona ambari si rikazi, ni kitu kilichotupwa na bahari, na Hasan al-Basri akaona ina khumusi. Mafundi wa cherehani hatuamui baina ya wanazuoni. Lakini khitilafu hiyo ni ya ambari. Khumusi ya rikazi imethibiti.

Wala msituchanganyie mambo. Mahari si bahati, ni haki ya mke. Tunzo anazotunzwa biarusi ni hiba, nyingi zinatoka kwa mama na mashangazi waliojinyima. Asitokee mtu na daftari kwenye sherehe zetu. Na kamari hatuigusi kabisa. Haramu haiwi halali kwa kulipiwa kodi.

Tunalolidai ni hili: bahati itozwe, mara moja tu, kwa kiwango kinachojulikana, na fungu liwafikie wanaohitaji. Kisha mkono ulegezwe kwa mwanamke anayekesha na cherehani yake. Anayeogopa kutoa moja katika tano ya kitu ambacho jana hakuwa nacho, ajiulize: nne zilizobaki alizitolea jasho gani?

Mola atujaalie riziki ya halali na mikono ya kutoa. Amin.