UZITO WA SAHANI ZA SANTURI
Wako wanunuzi wadhanio kwamba sahani ya santuri ya gramu 180 hutoa sauti safi kuliko ya gramu 140, wakakubali kulipa fedha zaidi. Sivyo. Sauti imo katika mfuo mwembamba upitiwao na sindano, na mfuo uliochongwa vibaya hauponywi na unene. Sahani za kale za shelaki, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa nzito, hata hivyo zilikwaruza sana. Faida ya uzito ni kwamba sahani haipindiki upesi. Basi mnunuzi mwenye busara hutazama kama sahani imelala sawasawa, kama tundu lake li katikati barabara, na kama sindano ya mashine yake haijachakaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.