Santuri si Bakuli

Umeingia mtindo wa kuzichoma santuri. Hazichomwi zikawa majivu. Hilo lingekuwa na haya yake. Sahani ya vinili hutiwa ndani ya jiko la kuokea, ikapata moto wa kiasi cha nyuzi 100, na baada ya dakika chache ikalegea kama chapati mbichi, ikafinyangwa juu ya bakuli lililofudikizwa. Ikipoa, imekwisha kuwa chombo cha kutilia funguo. Pembeni hufanya mikunjo kama ya ua, na wenye kuitazama husema: Uzuri ulioje! Chakula, hata hivyo, hakitiwi humo, kwa kuwa vinili haikuundwa kwa kuliwa juu yake, na ikizidishiwa moto hutoa mvuke wa asidi unaodhuru kifua. Basi ni bakuli lisiloweza kazi ya bakuli, lililotokana na santuri isiyoweza tena kazi ya santuri.

Wanaoutetea ufundi huu wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba plastiki hiyo haiozi, na heri ipambe sebule kuliko kulala jaani. Ya pili, kwamba mashine za kuzipigia zimekwisha majumbani. Hoja ya kwanza ina nguvu kwa santuri iliyovunjika, au iliyokwaruzwa hata sindano haishiki, au ile ya muziki wa dansi wa Ulaya iliyotolewa kwa malaki. Hizo na zifinyangwe, hakuna aliyeibiwa. Udhia huanza pale mkono unapochukua sahani kutoka kwenye bunda bila ya kusoma karatasi yake ya katikati.

Kwani pwani hii santuri haikuwa chombo cha muziki peke yake. Ilikuwa diwani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na zile sahani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande. Shairi refu aghalabu lilianza upande mmoja likaishia wa pili. Baadaye, Mombasa, duka la Assanand likatoa sahani za Mzuri. Mohamed Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir; Zein l'Abdin aliziimba tungo za kale za Lamu. Katika mashairi yaliyopita njia hiyo ya sindano, yapo yaliyoingia vitabuni. Yapo pia ambayo hayakupata kuchapwa kamwe, na hata jina la mtunzi halikuandikwa juu ya sahani, likaandikwa la mwimbaji tu. Kuifinyanga sahani kama hiyo ni sawa na kuutwaa muswada wa pekee na kuufungia karanga.

Saa ya ukutani ina udhuru kidogo. Tundu la katikati hutumika kupitishia mashine ya saa, na sahani isipopakwa rangi wala gundi, yaweza kushushwa siku moja ikasikilizwa. Bakuli halirudi.

Wapo wanaokumbusha kwamba hata zamani santuri ziliyeyushwa. Kweli. Mwaka 1942, vita vikiendelea, Marekani ilipobana matumizi ya shelaki, wenye maduka walidai santuri kuukuu ndipo wauze mpya. Lakini zile zilisagwa zikazaliwa santuri nyingine. Sauti iliipisha sauti. Haikuzipisha funguo za gari.

Na hoja ya mashine? Mashine zinaundwa na kuuzwa hadi leo, na zipo zinazounganishwa na kompyuta moja kwa moja. Anayetaka kunakili sahani za 78 ahitaji sindano nene zaidi, yenye ncha mara tatu hivi ya ile ya vinili. Kuzisafisha ni kwa maji safi machache na kitambaa laini, karatasi ya katikati isilowe. Spiriti isikaribie: sahani zile ni za shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ndiyo lakiri iliyokuwa ikipigiwa mihuri ya barua, nayo spiriti huiyeyusha. Kila upande ni dakika tatu. Mwenye kuuza mabakuli angekuwa amekwisha kuzisikiliza pande zote mbili kabla jiko halijapata moto.