Kazi kwa vijana: Mwalimu wa kusoma damu ya ng'ombe

Mwezi huu hatuongei juu ya useremala wala uuguzi. Tunaongea juu ya kazi ambayo hapa Goma wengi hawaijui: mwalimu wa iniversite anayefundisha waganga wa wanyama, yaani maveterineri, kusoma damu. Utacheka, utauliza: damu inasomwa namna gani? Subiri kidogo.

Ninyi mnaoishi karibu na machimbo, huko Rubaya ama Walikale, mnajua vizuri. Mtu akipata pesa kidogo ya kolta, ananunua mbuzi, na zikiongezeka ananunua ng'ombe. Ng'ombe ni minervali ya watoto, ni mahari, ni maziwa, ni ile fromaji ya Masisi inayoteremka mpaka sokoni Goma. Basi, siku moja ng'ombe anashikwa na homa. Hali majani, anajitenga na wenzake. Mwenyewe anakimbia kwa muuza dawa, anapewa tetrasiklini. Siku tatu, hakuna nafuu. Anarudi, anapewa sindano ingine. Kisha kikohozi, povu linatoka puani, ng'ombe ameanguka. Dola ngapi zimelala pale chini? Na dawa zote mbili zilikuwa dawa nzuri. Tu hazikuwa za ugonjwa ule.

Kumbe homa za kupe ziko nyingi. Kuna ndigana kali, inayovimbisha tezi chini ya sikio na kuua kwa wiki mbili tatu. Kuna ile ya mkojo mwekundu. Kuna ndigana baridi, inayomaliza damu polepole. Siku za kwanza unaona paka homa, zote zinafanana. Lakini kila moja ina dawa yake. Tetrasiklini inasaidia ndigana baridi. Haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Hii inataka dawa yake, buparvakwoni, ambayo bei yake ni kali na lazima ichomwe mapema. Na ng'ombe wa kizungu, yule wa maziwa mengi, ndiye wa kwanza kuanguka. Vita vilivyoanza Masisi mwaka 1993 vilimaliza makundi mengi. Mtu aliyeanza tena na ng'ombe mmoja hana nafasi ya kubahatisha.

Kinachotenganisha homa hizi ni kipande cha kioo. Unachukua tone la damu ya sikio, na maji kidogo ya tezi yaliyovutwa kwa sindano, unapaka juu ya kioo, unatia rangi ya Giemsa, unaangalia katika mikroskopi. Ukiona ndani ya chembe nyeupe za tezi vitu vya buluu vyenye nukta nyekundu, ni ndigana kali. Inaonekana rahisi, sivyo? Sikia basi habari ya Robert Koch.

Koch ni yule Mjerumani aliyegundua kidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akaona katika damu ya ng'ombe wa pwani vidudu vidogo sana. Akadhani ni hali ya mwanzo ya ule ugonjwa wa mkojo mwekundu. Karibu na 1902, ng'ombe waliotoka pwani ya Afrika ya Mashariki waliufikisha ugonjwa Rhodesia, leo Zimbabwe, ukafyeka makundi kwa makundi. Arnold Theiler, veterineri Mswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini, alisaidia kuonyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alionyesha kwamba kupe wa kahawia wa sikio ndiye anayeuleta. Leo kidudu kinaitwa Theileria, kwa jina la Theiler. Ikiwa jicho la Koch lilihitaji jicho lingine la kuangalia tena, je, jicho la mwanafunzi wa mwaka wa nne?

Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Anakaa karibu na mwanafunzi, kioo kwa kioo, anauliza: unaona nini? Haulizi: unadhani nini? Mwanafunzi anashangilia kidudu, kumbe ni rangi chafu iliyoganda. Wanarudia. Vioo mia, vioo mia mbili. Kati ya mafunzo anapokea damu kutoka mashambani, anaandika majibu, anafanya utafiti wake, anasahihisha mitihani usiku.

Utasema: si tupeleke damu ya mbuzi kwenye labo ya hospitali? Hapana, ndugu. Chembe nyekundu ya mtu ina upana wa mikroni 7 hivi, ya mbuzi ni 3 tu. Mashine iliyopangwa kwa watu inazipita kama vumbi. Chembe nyekundu ya kuku ina kiini ndani, ya mtu haina. Za ngamia zina umbo la yai. Hata chembe nyeupe: aina iliyo nyingi kwa mtu siyo iliyo nyingi kwa ng'ombe. Ukimpima ng'ombe kwa kipimo cha mtu, utamtibu ng'ombe mzima.

Na haihusu ng'ombe peke yake. Kuna ugonjwa wa brusela, unaotoa mimba za ng'ombe na kupita katika maziwa mabichi. Mama wa nyumba anashikwa na homa inayorudi na viungo kuuma, anameza dawa za malaria mwezi kwa mwezi. Labo ya mifugo inachanganya tone la maji ya damu ya ng'ombe na dawa ya rangi ya waridi. Dakika 4 jibu liko wazi. (Kwa kungoja hiyo labo, mama, chemsha maziwa.)

Njia ni ndefu, tusidanganyane. Baada ya diploma ya serikali, kuna miaka ya uveterineri: Lubumbashi, ama kwa jirani zetu wa Butembo katika Iniversite Katoliki ya Graben, iliyoanzishwa 1989. Wengine wanavuka mpaka, Makerere, Kabete ya Nairobi, Sokoine ya Morogoro. Kisha asistanti, shefu wa travo, tezi ya udaktari, ndipo profesa. Wakati huo rafiki yako wa shimoni amekwisha kununua moto, wewe ungali unaosha vioo. Mshahara hukawia, umeme hukatika. Binti zetu wanaiweza kazi hii sawa na vijana wanaume; inataka uvumilivu na macho, haitaki misuli.

Na wewe usiyekwenda iniversite? Ng'ombe akipata homa, mwombe veterineri apake damu kabla ya sindano ya kwanza. Kioo kikauke kwa hewa, mbali na nzi, maana nzi wanakilamba chote. Usikitie katika friji. Kifunge katika karatasi kavu, kinaweza kusafiri kwa moto mpaka labo. Jina la ng'ombe na tarehe, andika kwa kalamu ya risasi. Wino wa biki unafutika katika alkoli.