Siha ya Walio Ughaibuni

Imekita miongoni mwetu dhana ya kuwa mtu akishavuka bahari na kupata makazi katika nchi zenye ukwasi, ambako hospitali zimekamilika na dawa hazikosekani, siha yake haina budi kuwa bora kuliko ya sisi tuliobaki. Na arudipo likizo ameota kitambi, hatumwulizi hali yake, bali twashukuru kwamba riziki imemkubali. Dhana hiyo ina ukweli wa mwanzoni tu, kwani wanaofunga safari aghlabu ni vijana wenye nguvu zao, na wengi hufika wakiwa wazima kuliko wenyeji. Lakini kadiri miaka ipitavyo fadhila hiyo hupungua, na maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu huanza kuwaandama.

Matabibu walilidhihirisha jambo hili kwa Wajapani. Katika utafiti ulioanza miaka ya 1960 waliwalinganisha wanaume wa nasaba moja waliokaa Hiroshima na Nagasaki, waliohamia visiwa vya Hawaii, na waliohamia California, wakaona kuwa maradhi ya moyo yalikuwa haba kwa waliobaki kwao, yakazidi kwa wa Hawaii, na kwa wa California yakazidi mno. Kisha mwaka 1976 watafiti Michael Marmot na Leonard Syme wakatangaza jambo ambalo, kwa rai yangu, lina uzito kupita hilo la kwanza: miongoni mwa Wajapani wa California wenyewe, walioshikamana na jamaa zao na mila zao walikuwa na maradhi haya kwa uchache kama ulivyokuwa Japani, ilhali waliojitenga nazo waliugua mara 3 hadi 5 zaidi, na chakula, sigara na presha havikutosha kuieleza tofauti hiyo. Basi upweke nao huingia katika hesabu ya moyo, na asemaye kuwa muhajiri anaugua kwa sababu ya damu aliyozaliwa nayo, au kwa ulafi wake, hajaisoma khabari hii.

Wala si lazima bahari ivukwe. Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kukaa Nairobi walifuatwa na watafiti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yakaonyesha kuwa presha yao ilipanda upesi baada ya kufika mjini, chumvi mwilini ikiwa imezidi.

Huko Uingereza, watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao baadhi yao walikuwa majirani zetu hadi Idi Amin alipowafukuza Uganda mwaka 1972, huugua moyo na kisukari kuliko wenyeji. Na wenye asili ya Afrika, ingawa mishipa ya moyo huwasumbua kwa uchache, huelemewa na presha na kiharusi. Serikali ya huko ililijua hilo, hata ushauri wa mwaka 2013 ukawataka watu wa asili hizo waanze kuhadhari kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) kinapofikia 23, badala ya 25 ya wenyeji. Lakini uchunguzi wa kawaida wa moyo nchini Uingereza huanzia umri wa miaka 40, na hapo naona wamekosea, kwa kuwa mtu ambaye yakini hatari humfikia mapema hapaswi kungojeshwa.

Ila lawama yote haiwaangukii wao. Yule ndugu anayewauguza wazee usiku kucha, akalala mchana, akala kilichopatikana njiani, huku simu zetu za kuomba ada na kodi zikimfuata, anachukua na mzigo wetu. Naye haendi kwa tabibu, pengine kwa kuhofia mambo ya hati zake, ingawa huko Uingereza daktari wa mtaa humwona kila mtu bila malipo. Basi tunapompigia simu, kabla ya kutaja haja zetu, tumwulize lini alipima presha. Na ikiwa hajapima, tumsihi aende wiki hii.